Kufundisha kwa mega chache: maelekezo kwa mwalimu wa sekondari wa Bukavu

Mwalimu anayetaka kuwafuata wanafunzi wake hadi nyumbani kupitia intaneti kwa kawaida huanza kwa kutafuta programu nzuri. Afadhali aanze na simu iliyo dhaifu kuliko zote darasani. Kwa Bukavu, hiyo ni simu ya mama: kioo kimepasuka, nafasi imejaa picha za arusi, inachajiwa kwa jirani mwenye sola, na mega (data za intaneti) huwekwa pale tu kuna jambo la lazima. Chombo kinachofanya kazi kwenye simu hiyo kitafanya kazi kwa wote. Kile kinachoishinda kitakuacha na wanafunzi kumi wa Nguba na Muhumba wanaofuata vizuri, na wengine thelathini wa Kadutu, Panzi na Bagira wanaonakili majibu asubuhi mlangoni mwa darasa.

Yanayofuata yanamlenga mwalimu wa humanite (sekondari ya juu) aliye na finalisti (wanafunzi wa mwaka wa mwisho) wanaojiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Anayefundisha darasa la saba au la nane atayatumia vilevile, akipunguza.

Hesabu simu, na uzihesabu kwa karatasi

Usitume fomu ya mtandaoni kuuliza nani ana simu. Asiye nayo hatajibu, nawe utaamini wote wanazo. Gawa vipande vya karatasi darasani, kila mmoja aandike: simu ni ya nani, ni ya Android au ya vibonyezo, inapatikana nyumbani kuanzia saa ngapi, inatumia Airtel, Orange au Vodacom, na yeye anakaa avenue gani. Usiulize "mna intaneti nyumbani?", kwa sababu hakuna anayependa kusema hapana mbele ya wenzake. Uliza "mara ya mwisho simu hiyo iliwekwa mega lini?" Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kila kitu.

Kwa wenye Android, waombe pia namba ya toleo. Inapatikana kwenye "Paramètres", kisha "À propos du téléphone". WhatsApp haikubali Android iliyo chini ya 5.0. Simu kuukuu inayokataa kusasisha WhatsApp si mara zote imekosa mtandao. Mara nyingi ni toleo hilo, au nafasi imejaa hadi hakuna hata mega mia tano za kupumulia.

Ukishapata karatasi zote, wapange kwa mtaa, si kwa urafiki. Kila mwenye simu apewe wenzake wawili wa jirani wasio nayo. Kazi yake iwe moja na iwe wazi: awe amepakua somo kabla ya Jumamosi jioni, awarushie wenye simu zisizo na mega kwa Bluetooth au programu ya Xender, na asiye na simu kabisa aketi naye wanakili daftarini. Urafiki huvunjika katikati ya muhula. Ujirani haubadiliki haraka. Mweleze prefe wa masomo (mkuu wa shule) mpango huu kabla ya kuuanza, hasa kama shule inakataza simu uwanjani, ili mwanafunzi asinyang'anywe simu ya mzazi wake kwa sababu ya kazi uliyompa wewe.

Wenye simu ya vibonyezo utawafikia kwa SMS. SMS moja ni herufi 160, lakini ukiweka herufi moja tu kama ê, ô au ç, nafasi inashuka hadi 70 na ujumbe unakatwa vipande viwili au vitatu, kila kimoja kikilipiwa. Herufi é, è na à hazina tatizo. Basi kwenye SMS andika "meme" na "francais" bila aibu.

WhatsApp: kikundi kimoja, milango miwili

Karibu kila nyumba inaijua WhatsApp, kwa hiyo usiwalazimishe kwenda kwingine. Google Classroom ni nzuri na ni ya bure, lakini kila mwanafunzi anahitaji akaunti yake ya Google, na simu inayotumiwa na watu watano huwa na akaunti ambayo hakuna anayekumbuka neno lake la siri. Iache hadi darasa lote liwe na akaunti, au uitumie na walimu wenzako.

Tumia laini ya pili kwa kazi ya shule na uiweke kwenye WhatsApp Business, programu ya bure inayokaa kwenye simu moja na WhatsApp ya kawaida. Faida yake si biashara. Ina majibu ya haraka: unaandika alama ya mkwaju na neno fupi, na maelezo marefu uliyoyaandaa yanajitokeza. Ina pia ujumbe wa kutokuwepo unaojituma mwanafunzi akiandika usiku wa manane. Weka saa zako, kwa mfano 18h00 hadi 19h30, na uziandike kwa tarakimu hivyo hivyo. Ukisema "saa moja" utawapata watakaokutafuta asubuhi.

Sasa kikundi chenyewe. Kwenye ruhusa za kikundi, weka kwamba wasimamizi tu ndio wanaotuma ujumbe. Hiki ni chumba cha masomo: wiki nzima kisipite ujumbe saba au minane. Ukikiacha wazi, siku ya tatu kitajaa salamu, maombi, video za mpira na stika, na somo la Jumatatu halitaonekana tena. Maswali yaje kwako moja kwa moja, au ufungue kikundi kwa saa moja siku uliyotangaza kisha ukifunge. Zima ujumbe unaojifuta. Mara nyingi mtu huuwasha bila kujua, na baada ya siku saba sura nzima ya kemia imepotea.

Kuna hatari moja ambayo walimu wengi hawaioni. Ndani ya kikundi, kila mtu anaona namba ya kila mtu. Namba ya msichana wa miaka 16 ikiwa kwenye kikundi chenye watu 50 na simu zinazopita mikono ya kaka na wajomba, ataanza kupigiwa na watu asiowajua. Ikiwa darasa ni la mchanganyiko na wazazi wana wasiwasi, acha kikundi na utumie orodha ya usambazaji, "Nouvelle diffusion". Unatuma mara moja, kila mmoja anapata kama ujumbe wake binafsi, na hakuna anayeona namba ya mwenzake. Orodha moja inapokea watu 256. Sharti lake ni kwamba mpokeaji awe amehifadhi namba yako kwenye simu yake. Asipofanya hivyo ujumbe hautamfikia, na wewe hutapewa taarifa yoyote. Andika namba yako ubaoni, wahifadhi, kisha tuma ujumbe wa majaribio na usome majina darasani kesho yake.

Siku ya kwanza kabisa, wafundishe wote kuzima upakuaji wa kujiendesha: "Paramètres", halafu "Stockage et données", halafu sehemu ya data za simu, waondoe alama kwenye picha, sauti, video na hati. Kuanzia hapo simu haipakui kitu bila mwenyewe kugusa, isipokuwa ujumbe wa sauti, ambao hujipakua wenyewe. Hatua hii ndogo inaokoa mega nyingi kuliko ufundi mwingine wote uliomo humu, na wazazi watakushukuru kwa hiyo kuliko kwa fizikia.

Somo la wiki liingie ndani ya mega tano

Video inavutia, lakini hapa ni gharama. Dakika moja iliyorekodiwa kwa ubora wa 1080p huweza kupita mega 100 kwenye simu nyingi. WhatsApp huibana sana kabla ya kuituma, na ikibanwa, namba za ubaoni huwa ukungu. Mwanafunzi amelipa mega na bado hasomi kitu. Karatasi moja safi pamoja na sauti yako vinafanya kazi ileile kwa sehemu ndogo ya bei: dakika ya vokali (ujumbe wa sauti) ya WhatsApp ni kama robo ya mega, mara nyingi chini ya hapo.

Pakiti ya wiki iwe hivi: PDF ya kurasa nne isiyozidi mega moja, vokali tatu za dakika mbili hadi tatu, na kiungo kimoja cha intero (jaribio fupi). Ukijumlisha na ukurasa wa intero wenyewe, mwanafunzi hatazidi mega tano kwa wiki. Mwambie mzazi namba hiyo waziwazi. Anayejua gharama hukubali kuliko anayeambiwa "weka mega kidogo".

Andika kwa biki nyeusi kwenye karatasi isiyo na mistari mizito, usitumie penseli. Skani kwa programu ya Google Drive: gusa alama ya kamera, weka karatasi karibu na dirisha, zima flashi, chagua rangi nyeusi na nyeupe. Flashi huacha doa jeupe katikati, na doa hilo hupenda kuketi juu ya kanuni yenyewe. Ukiandika kwa Word, wakati wa kuhifadhi kama PDF chagua ukubwa mdogo. Ukituma picha badala ya PDF, usipige ukurasa mzima: WhatsApp ikiibana, vipeo na namba ndogo za chini hupotea, na H₂ inasomeka H. Piga nusu ukurasa, au itume kama hati.

Jina la faili lijieleze: 4MP_Fizikia_03_Kondensata.pdf. Ukiacha jina ambalo simu imejitungia, baada ya mwezi mwanafunzi ana faili kumi na mbili za "Document" na hajui ipi ni ya lini.

Kwenye vokali, anza kwa kutaja somo, ukurasa na namba ya zoezi kabla ya salamu ndefu. Kila vokali iwe na jambo moja. Mtu akikwama anarudia dakika mbili, si kumi na tano. Maneno ya mtihani yabaki kwa Kifaransa kama yatakavyoonekana kwenye itemu (maswali ya kuchagua jibu), na maelezo yawe kwa Kiswahili cha nyumbani. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini "la charge est proportionnelle à la tension" kwa lugha yake mwenyewe hatatetemeka akiisoma kwa Kifaransa chumbani mwa mtihani. Shika simu kiasi cha shubiri moja na mdomo, funga dirisha, na usirekodi mvua ikinyesha juu ya mabati.

Intero kwenye Google Forms

Hapa ndipo faida kubwa ilipo, kwa hiyo usipapitie haraka.

Google Forms haina programu yake ya Android. Inafunguliwa kwa Chrome kwenye forms.google.com. Kutengeneza intero ni rahisi zaidi kwa kompyuta, hata ya kukodi saa moja kwenye siber au sekretaria ya jirani. Fungua fomu mpya, nenda "Paramètres", washa "Convertir en questionnaire". Kisha kwenye kila swali gusa "Corrigé", weka jibu sahihi, pointi, na maelezo ya anayekosea.

Swali la kwanza ni jina, na usiliache liandikwe kwa mkono. Utapata "Bahati", "BAHATI M.", "bahati j" na "Mwana wa Mungu", wote mtoto mmoja. Weka orodha ya kuteremka yenye majina yote kama yalivyo kwenye daftari la wito, yakiwa na namba zake. Kama unaogopa mmoja ajibu kwa jina la mwenzake, ongeza swali la namba ya siri ya tarakimu nne uliyompa kila mmoja kwenye karatasi.

Usikusanye anwani za barua pepe, na usiwashe "Limiter à une réponse". Vyote viwili vinaweza kumdai mwanafunzi aingie kwenye akaunti ya Google, na hapo utapoteza nusu ya darasa. Tena kizuizi cha jibu moja kinafunga njia kwa wanafunzi watatu wanaotumia simu moja; bila hicho, wa kwanza akimaliza, wa pili anagusa kiungo cha kutuma jibu jingine na kuendelea. Kwa sababu hiyohiyo usiweke swali la kupakia faili, maana linadai akaunti. Matokeo yatolewe papo hapo. Ukichagua yatolewe baadaye, fomu inaanza kukusanya barua pepe yenyewe.

Fomu mpya zina kitufe cha kuchapisha, "Publier". Bila kukigusa, na bila kuruhusu kila mwenye kiungo ajibu, wanafunzi watakutana na ukurasa uliofungwa. Kabla ya kutuma, fungua kiungo kwenye simu ya mtu mwingine kabisa, si yako. Yako imeshaingia kwenye akaunti yako na haitakuonyesha kasoro hiyo.

Kuhusu maswali: Exetat hutumia itemu za majibu matano, basi zoea kutengeneza matano. Majibu manne ya uongo yasitungwe ovyo. Kila moja litokane na kosa unalolijua. Chukua kondensata ya 2 µF iliyounganishwa kwenye 100 V, utafute chaji. Jibu ni 2 × 10⁻⁴ C. Aliyesahau mikro atapata 200. Aliyegawanya badala ya kuzidisha atapata 2 × 10⁻⁸. Aliyechanganya chaji na nishati atapata 10⁻², na aliyechanganya hivyo kisha akasahau nusu ya kanuni atapata 2 × 10⁻². Sasa matokeo yanazungumza: darasa likichagua 200 kwa wingi, hakuna haja ya kurudia kondensata, rudia vipimo vya mikro, mili na nano kwa dakika kumi. Jibu la uongo lisilotokana na kosa lolote halikufundishi kitu.

Forms inakupa nafasi moja tu ya maelezo kwa wote waliokosea, si moja kwa kila jibu. Andika humo makosa yote kwa kifupi: "Ukipata 200, hukubadili µF kuwa F. Ukipata 10⁻², umetafuta nishati." Taja thamani, usitaje "jibu la pili", kwa sababu utakuwa umewasha kuchanganya mpangilio wa majibu na la pili kwa mmoja ni la tano kwa mwingine. Kwa sababu hiyohiyo usiweke jibu la "yote yaliyotajwa hapo juu".

Forms haina pa kuandika kanuni za hisabati. Alama ², ³, √ na µ unaweza kuzinakili na kuzibandika. Sehemu na integrali ziandike kwa mkono, piga picha, kata kingo, uiweke kama picha ya swali. Picha ndogo: itemu kumi zenye picha nzito zitamaliza mega ulizomwahidi mzazi.

Itemu kumi zinatosha. Acha intero wazi saa 48, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili jioni, kwa sababu simu ya mzazi haipatikani kila saa. Ndani ya saa 48 majibu yatazunguka mtaani, hilo halizuiliki. Ndiyo maana kote (alama) za intero hii zisiingie kwenye bulteni (ripoti ya matokeo). Itumie kupima, kisha Jumatatu toa intero fupi ya karatasi yenye itemu mbili zilezile zilizobadilishwa namba. Mwenye 9/10 mtandaoni na 0/2 karatasini amejitaja mwenyewe, na huna haja ya kumgombeza.

Mwanafunzi akishajaza ukurasa bila mtandao, asiufunge. Majibu yanabaki palepale hadi mtandao urudi, lakini akifunga ukurasa na hana akaunti, yote yamefutika. Akishatuma, aguse pa kuona kote, apige picha ya kioo, asome maelezo yake bila kutumia mega tena.

Wasio na simu wapewe itemu hizohizo kwenye karatasi, nawe uziingize mwenyewe kwenye fomu kwa majina yao. Ni kazi ya nusu saa ya kuchosha. Usipoifanya, takwimu zako zitakuwa za wenye simu peke yao, na mpango wa somo lako utawafuata hao.

Kwenye ukurasa wa majibu, angalia kwanza orodha ya maswali yaliyokosewa mara nyingi. Kisha unganisha fomu na Google Sheets na ubadilishe saa ya jedwali: Bukavu ni GMT+2, sawa na Lubumbashi na Kigali, ilhali Kinshasa ni GMT+1. Jedwali jipya mara nyingine huja na saa ya Marekani, nawe utamshuku mwanafunzi kuwa amejibu alfajiri kumbe alijibu saa ya chakula cha mchana. Simu iliyowekwa saa ya Kinshasa nayo humfanya mwenyewe afike mlango ukiwa umefungwa, kwa saa nzima.

Unaweza kuomba Gemini au ChatGPT ikutungie itemu za kuanzia. Ibandikie somo lako lenyewe, omba itemu kumi za majibu matano, kisha zitatue zote kwa kalamu. Makosa yanayojirudia ni haya: majibu mawili yote sahihi, hesabu iliyoandikwa kwa uhakika ilhali si kweli, jibu sahihi kuwa refu kuliko mengine, na historia au jiografia ya Kongo iliyochanganywa. Majina na kote za wanafunzi usizibandike humo hata siku moja.

Maktaba isiyohitaji intaneti

Ikiwa shule ina kompyuta moja, hata ya zamani yenye RAM ya GB 4, mwalimu anaweza kuwapa darasa zima vitu vizito bila mega hata moja. Kolibri, iliyotengenezwa na Learning Equality, ni programu ya bure inayowekwa kwenye kompyuta hiyo. Simu za wanafunzi zinajiunga kwa Wi-Fi na kufungua masomo kwa Chrome. Ndani yake kuna Khan Academy ya Kifaransa, yenye mazoezi yanayojisahihisha. Usipakue chaneli nzima, utajaza diski: chagua sura unazofundisha tu. Pakua mahali penye Wi-Fi nzuri usiku, hamishia kwenye ufunguo wa USB, kisha ingiza kwenye kompyuta ya shule.

Utahitaji ruta ndogo. Haihitaji kuunganishwa na intaneti. Wi-Fi inayotolewa na Windows yenyewe hukubali vifaa 8 tu, na ya simu huwa karibu 10. Mwanafunzi anaandika kwenye Chrome anwani ya kompyuta ikifuatwa na :8080, kwa mfano 192.168.0.100:8080. Haifunguki? Angalia mambo matatu kwa mfuatano huu. Kwanza, data za simu ziko wazi, na simu ikiona Wi-Fi haina intaneti inarudi kwenye data, zizime. Pili, ukuta wa usalama wa Windows umeizuia Kolibri. Iruhusu kwenye mtandao binafsi. Tatu, anwani ya kompyuta imebadilika baada ya umeme kukatika. Ingia kwenye ruta uifunge anwani hiyo isibadilike.

Kiwix inakupa Wikipedia ndani ya faili moja. Ya Kifaransa kamili yenye picha inazidi GB 30, kwa hiyo chukua isiyo na picha, au Vikidia, iliyoandikwa kwa ajili ya watoto na ni ndogo sana. Kadi ya kumbukumbu iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4, hata ikiwa na nafasi tele. Ipange upya kwa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo.

Kwa fizikia na kemia, PhET, maigizo ya majaribio ya sayansi kwenye kioo kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ndiyo inayostahili kutangulia. Maigizo yake mengi yapo kwa Kifaransa, na kila moja hupakuliwa kama faili moja ya HTML ya mega chache inayofunguka bila intaneti. Shule isiyo na maabara inaweza kuonyesha saketi za umeme, pendulamu na kusawazisha milinganyo ya kemia. Faili hizo unaweza hata kuzituma kwa Bluetooth. Ila simu ikiuliza ifungue kwa programu gani, chagua Chrome.

Umeme, milima na mpaka

Panga kazi yako kana kwamba umeme utakatika, kwa sababu utakatika. Benki ya umeme ya mAh 10,000 haijazi simu ya mAh 4,000 mara mbili na nusu kama hesabu inavyodai. Sehemu hupotea njiani, tarajia mara moja na nusu hadi mbili kasoro. Ruta nyingi ndogo hutumia volti 9 au 12, nazo zinaendeshwa na benki hiyo kwa waya wa kupandisha volti kutoka USB. Soma volti chini ya ruta kabla ya kununua waya. Ukiweka 12 kwenye ya 9 unaweza kuiunguza.

Mji wetu ni wa miteremko, na nyuma ya kilima mtandao mmoja unashika ilhali mwingine umekufa. Karatasi ulizokusanya mwanzoni zitakuonyesha avenue ipi inashika nini. Tuma pakiti alfajiri, kabla watu hawajaamka. Na kwa wanaokaa karibu na mto Ruzizi au ukingo wa ziwa unaotazama Rwanda: simu hupenda kushika mtandao wa ng'ambo na kula unite (salio) bila kuuliza. Waende kwenye mipangilio ya mtandao, waondoe uchaguzi wa kujiendesha, wachague kampuni yao kwa mkono, na wazime data za ugenini.

Vinavyokatazwa

Kote za mwanafunzi hazitangazwi kwenye kikundi, hata za aliyefaulu. Picha za wanafunzi zisitumwe bila ruhusa ya mzazi. Mwalimu asizungumze na mwanafunzi mmoja mmoja usiku kwa simu. Maswali yanayokuja nje ya saa yajibiwe kesho yake, kwa vokali inayoenda kwa wote bila kumtaja aliyeuliza.

Kila msimu wa Exetat hupita ujumbe wa kuuza itemu zilizovuja. Usiupeleke mbele hata kwa kuonya, maana namba ya muuzaji husafiri pamoja na onyo lako. Ufute, na umweleze prefe.

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp yako, ile PIN ya tarakimu sita. Namba nyingine ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS usimpe mtu, hata akijitambulisha kuwa mkaguzi. Akaunti ya mwalimu ikiibwa, mwizi ataomba hela kwa wazazi hamsini kwa jina lako, na baadhi watatuma.

Mwisho wa muhula, pakua jedwali la Sheets kama Excel na ulihifadhi kwenye ufunguo wa USB unaobaki ofisini kwa prefe. Nakala ya WhatsApp inayokwenda Google inahesabiwa ndani ya GB 15 za bure za akaunti yako. Ikijaa, nakala mpya hazihifadhiwi tena. Toa video kwenye nakala hiyo, na uangalie tarehe yake ya mwisho kabla hujampa fundi simu yako.